Damu yangu ni 10.2 lakini presha iko sawa. Nyingine imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, nina miaka 22. Watu wa damu salama walipokuja chuoni nilijitokeza kuchangia. Wakanitoboa kidole, wakadondosha damu kwenye maji ya bluu, kitone hakikuzama. Nikaambiwa damu haitoshi, nisitoe. Nikaenda zahanati, wakapima wingi wa damu wakapata 10.2, ila presha ni 110/70 na wamesema iko vizuri. Malaria hawakuiona, na sijaumia popote. Sasa hiyo damu imekwenda wapi? Na kama ni pungufu, mbona presha haijashuka? Nikipanda ngazi za hosteli hadi ghorofa ya tatu moyo unaenda mbio. Mama ananitengenezea juisi ya bitiruti na rozela kila siku. Nitumie mpaka lini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na lile linalokutia hofu: damu yako haijakwenda popote. Zikipimwa lita zilizomo kwenye mishipa yako leo, zitakuwa karibu sawa na za mwenzako wa uzito kama wako ambaye kitone chake kilizama. Mwanamke wa kilo 60 ana damu ya lita 4 hivi, na mwanamume mkubwa hufika lita 5 au kupita kidogo. Kiasi hicho mwili unakilinda kwa ukali. Kikishuka, figo hubana maji na chumvi. Kikizidi, huviachia kwenye mkojo. Kilichopungua kwako ni kile ambacho majimaji hayo yanakibeba. Sufuria ya uji inaweza kujaa hadi ukingoni na uji wenyewe ukawa mwepesi, kwa sababu unga ulikuwa kidogo. Ndiyo hali yako.

Kilichopungua kinaitwa himoglobini. Ni protini yenye madini ya chuma, imefungashwa ndani ya seli nyekundu, na ndiyo inayoipa damu rangi. Zaidi ya nusu ya damu ni plazma, yaani maji yenye chumvi, sukari, mafuta na protini. Humo zinaelea pia seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazoziba jeraha. Hizo leo tuziache, kwa sababu swali lako lote liko kwenye seli nyekundu.

Sababu ya kuhitaji himoglobini ni kwamba oksijeni haipendi kuyeyuka majini. Kama damu ingekuwa plazma tupu, kila lita ingebeba mililita 3 tu za oksijeni kutoka mapafuni, na mtu hawezi kuishi kwa kiasi hicho hata akiwa amelala. Ongeza himoglobini ya gramu 15 kwa kila mililita 100, na lita ileile inabeba mililita 200. Gramu moja ikishiba hubeba mililita 1.34 hivi. Sasa ile 10.2 yako maana yake ni gramu 10.2 katika kila mililita 100, kwa hiyo lita moja ya damu yako inabeba mililita 135 hivi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwanamke asiye mjamzito ana upungufu akiwa chini ya 12, na mwanamume akiwa chini ya 13. Wewe uko kwenye upungufu wa kiwango cha kati. Si wa kukimbizwa hospitali usiku, na si wa kupuuza pia.

Yale maji ya bluu ni mrututu, yaani chumvi ya shaba, ulioyeyushwa majini kwa kipimo maalumu, uzito wake ukawekwa pale ambapo damu yenye himoglobini ya 12.5 na kuendelea inakuwa nzito kuliko maji hayo. Kitone kikigusa mrututu, protini za damu huungana na shaba papo hapo na kujenga utando mwembamba kukizunguka, ndiyo maana kinabaki mviringo kama ushanga badala ya kutawanyika. Anayepima ana sekunde 15 hivi za kukitazama kabla hakijabadilika uzito. Kikienda chini moja kwa moja, unaruhusiwa. Kikisita katikati au kikipanda juu, hapana. Kipimo hiki ni cha kuchuja tu na kinaweza kukosea. Kidole kikikamuliwa sana, maji ya kwenye nyama huchanganyika na damu na kuifanya nyepesi. Umefanya vizuri kwenda kupimwa tena kwa mashine. Na uelewe kwamba walikuzuia kwanza kwa ajili yako wewe: chupa moja ya mililita 450 inaondoka na miligramu 200 hivi za madini ya chuma au zaidi, na wewe tayari huna akiba.

Ili ujue kwa nini presha haikushuka, tufuatane na seli moja nyekundu mzunguko mmoja. Upana wake ni sehemu 7 au 8 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Ni kisahani kilichobonyea pande zote mbili, hakina hata kiini. Kiini kilitupwa nje wakati seli inakomaa, na nafasi yake ikajazwa himoglobini, molekuli karibu milioni 270 katika seli moja. Seli yetu inarudi kutoka mguuni, imeshagawa sehemu ya oksijeni yake, na rangi yake imekuwa nyekundu iliyoiva. Haiwi ya bluu hata siku moja. Ule ubluu unaouona kwenye mishipa ya mkono unatokana na jinsi mwanga unavyopita kwenye ngozi. Inaingia chumba cha juu cha moyo upande wa kulia, inashuka chumba cha chini, inasukumwa kwenda mapafuni.

Humo mapafuni ukuta kati ya damu na hewa ni mwembamba kuliko seli yenyewe. Seli inakaa pale kwa robo tatu ya sekunde hivi, na kwa mtu mzima wa afya theluthi ya muda huo inatosha kuijaza. Hewa ukaa inatoka, oksijeni inaingia, rangi inang'aa. Inarudi moyoni upande wa kushoto, ambako ukuta ni mnene zaidi kwa sababu kutoka hapo damu inapelekwa mwili mzima, inatupwa kwenye aota, mshipa wenye upana wa karibu sentimita 2.5, na kukimbizwa kuelekea pajani. Mishipa inagawanyika na kugawanyika hadi kwenye kapilari, ambazo nyingine ni nyembamba kuliko seli yenyewe. Seli inajikunja, inapita moja nyuma ya nyingine, kwa mwendo usiofika hata milimita moja kwa sekunde. Mwendo huo wa taratibu ndio unaoipa nafasi ya kuikabidhi misuli oksijeni na kupokea uchafu.

Safari ya kurudi ni ya kupanda mlima, na msukumo wa moyo umeshaisha nguvu. Ndiyo maana vena za miguu, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zina vali zinazofunguka kuelekea juu tu, na kila unapotembea vigimbi vinazikamua. Kijana anayesimama wima kwenye gwaride juani bila kucheza miguu damu humtuama chini, ubongo ukakosa, akaanguka. Anapolala chini damu inarudi na anazinduka. Wengi wakiona hivyo husema hana damu, kumbe damu anayo, ila imekaa miguuni.

Mzunguko huo wote, ukiwa umepumzika, unachukua kama dakika moja. Moyo hutoa mililita 70 hivi kwa kila pigo, mara 70 kwa dakika, jumla karibu lita 5.

Sasa tufanye hesabu. Lita 5 kwa dakika, kila moja na mililita 200 za oksijeni, ni mililita 1,000 zinazopelekwa mwilini kila dakika kwa mtu mwenye damu nzito. Mwili uliokaa unatumia 250 tu, zinazobaki zinarudi zikiwa hazijaguswa. Kwako mzigo ni 675 hivi. Ukiwa darasani umekaa, 250 zako unazipata bila shida, na ndiyo maana hapo husikii shida. Ila kwenye ngazi misuli ya mapaja inadai mara kadhaa ya hiyo. Mwenzako anachukua kwenye ile ziada. Wewe ziada ni ndogo, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuzungusha damu kwa kasi zaidi, na moyo unakwenda mbio. Moyo wako si mgonjwa. Unafanya kazi ya kufidia.

Presha ni kitu kingine kabisa, na naona kila siku watu wakivichanganya hivi viwili. Presha ni nguvu ambayo damu inazisukuma nayo kuta za ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Inaamuliwa na kiasi moyo unachotoa na jinsi ateri ndogo zilivyojibana au kulegea. Mashine ya presha haijui damu ina himoglobini kiasi gani. Mtu anaweza kuwa na presha ya 150/95 na damu ya 7 kwa wakati mmoja, na anahitaji kutibiwa vyote viwili. Nimekutana na akina mama walioacha kula vyakula vya kuongeza damu kwa kuogopa kwamba vitapandisha presha. Si kweli. Kinachopandisha presha kwenye sahani mara nyingi ni chumvi.

Kinyume chake ndicho cha hatari zaidi na ningependa kila msomaji akishike. Mtu aliyevuja damu nyingi kwa ghafla, kwenye ajali au baada ya kujifungua, amepoteza maji na seli kwa pamoja. Ukimpima wingi wa damu dakika hiyo, namba inaweza kutoka nzuri tu, 11 au 12, kwa sababu kile kilichobaki kina uwiano uleule. Kilichopungua kwake ni lita zenyewe. Mapigo yanakwenda kasi, mikono inakuwa ya baridi, presha inaanza kushuka. Himoglobini itashuka saa kadhaa baadaye, maji ya mwilini yakishaingia kwenye mishipa kujaza pengo. Kwa hiyo mkiwa na mgonjwa wa namna hiyo msitulizwe na kipimo kizuri cha damu. Mpelekeni.

Tuje kwenye swali lako la msingi: seli zilizopungua zilikwenda wapi? Seli nyekundu zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, kwako wewe zaidi kwenye nyonga, uti wa mgongo, mbavu na kidari. Kila sekunde zinazaliwa zaidi ya milioni 2. Anayetoa amri ni figo: likihisi oksijeni imepungua, linaachia homoni inayoitwa erithropoetini, na uboho unaongeza kasi. Wanariadha wanaoishi na kufanya mazoezi Iten, Kenya, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, miili yao huongeza seli nyekundu kwa njia hiyohiyo, na wagonjwa wa figo za muda mrefu hupungukiwa damu kwa sababu amri haitolewi ya kutosha. Seli ikishazaliwa inaishi siku 120 hivi. Ikizeeka inakuwa ngumu, inashindwa kupenya kwenye wengu (bandama), inamezwa na kuvunjwa, na madini yake ya chuma yanarudishwa kwenye uboho kutengenezea nyingine. Kila siku miligramu 20 hadi 25 za chuma zinazungushwa hivyo. Kutoka kwenye chakula mwili unafyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote, na binadamu ilimchukua muda mrefu kulifahamu. Kwa zaidi ya miaka elfu moja madaktari walimfuata Galen, tabibu wa kale wa Kigiriki, aliyefundisha kwamba chakula hugeuzwa damu ndani ya ini, damu ikaenda mwilini ikatumika ikaisha. Ibn al-Nafis, tabibu aliyezaliwa maeneo ya Damascus na kufanya kazi Cairo, aliandika katika karne ya 13 kwamba ukuta kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo hauna tundu, kwa hiyo damu lazima ipitie mapafuni kufika upande wa pili. Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey akaja na hoja ya hesabu: damu inayotoka moyoni kwa nusu saa ni nyingi kuliko iliyomo mwilini mzima, na hakuna mlo unaoweza kuitengeneza kwa kasi hiyo. Kwa hiyo ni damu ileile inayozunguka na kurudi. Alichokosa ni kuona inavukaje kutoka ateri kwenda vena. Kapilari zilionekana mwaka 1661, Marcello Malpighi alipotazama mapafu ya chura kwa hadubini.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu anayesema "kunywa hiki, kitakuwa damu" bado yuko kwa Galen. Chakula hakigeuki damu. Kinaleta malighafi kidogokidogo kwenye mfumo ambao kwa sehemu kubwa unajitumia tena na tena. Na mfumo unaojitumia tena hupungukiwa kwa njia mbili: malighafi mpya haifiki, au kuna mahali panavuja.

Kwa msichana wa umri wako pa kuangalia kwanza ni hedhi. Kila mililita ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Hedhi ya kawaida ya mililita 30 au 40 inakugharimu miligramu 15 hadi 20 kwa mwezi, na hiyo inafidika ukila vizuri. Ikizidi mililita 80 kila mwezi, watu wengi hawafidii kwa chakula peke yake. Hutapima kwa chupa, najua. Jiulize: zinapita siku 7? Unabadilisha pedi kila saa moja au mbili? Kuna mabonge makubwa? Unaamka usiku kubadilisha? Ukijibu ndiyo, mwambie daktari bila aibu, kwa sababu hapo hedhi yenyewe ndiyo inayohitaji kutibiwa.

Pili, minyoo ya safura. Viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya nyayo kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, vinasafiri na damu hadi mapafuni, vinamezwa, vinafika utumbo mwembamba na kuuma ukuta wake. Mmoja unanyonya tone dogo sana kwa siku, lakini makumi au mamia kwa miezi kadhaa wanamaliza akiba kimyakimya, bila hata kuumwa tumbo. Kama nyumbani mnalima peku, hili lisikupite. Kipimo cha choo ni rahisi na dawa yake ni ya bei nafuu.

Kuna pia dawa za maumivu. Wanaokunywa diklofenaki au aspirini mara kwa mara kwa ajili ya tumbo la hedhi au mgongo wanaweza kuvuja damu tumboni bila kujua. Malaria nayo hupasua seli, lakini umesema hawakuiona. Na kuna selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambayo seli zake huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120. Mwenye ugonjwa wenyewe kwa kawaida ameshajulikana tangu utotoni, lakini Tanzania ina wagonjwa na wabebaji wengi, kwa hiyo kama hujawahi kupimwa, pima.

Na malighafi? Hapa naingia jikoni kwa mama, kwa heshima. Wekundu wa bitiruti ni rangi ya mmea, hauhusiani na himoglobini. Ndiyo ileile inayogeuza mkojo ukadhani umekojoa damu. Gramu 100 za bitiruti hazina hata miligramu moja ya chuma, na mwanamke wa umri wako anashauriwa kupata kama 18 kwa siku. Rozela nayo wekundu wake ni wa ua. Ni vinywaji vizuri na havitakudhuru ukiangalia sukari inayotiwa, lakini mama asivitegemee kukutoa kwenye 10.2. Chuma kinachofyonzwa kirahisi kiko kwenye nyama nyekundu, maini, dagaa na samaki. Maharage, kunde, choroko na mboga za majani vina chuma pia, ila kinashikiliwa sana na mmea, na kinaachia vizuri ukikila pamoja na vitamini C: kamulia ndimu kwenye mboga, au kula pera au chungwa mlo huohuo. Kinachonisikitisha kuliko vyote ni chai. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo inakifunga chuma cha mimea kabla hujakifyonza. Isogeze saa moja au mbili mbali na chakula. Hilo peke yake, bila kuongeza shilingi, linabadilisha kiasi unachofyonza.

Kwa 10.2 lakini chakula pekee kitachukua muda mrefu sana, kwa hiyo utahitaji vidonge vya madini ya chuma. Dozi akupangie atakayekuona, baada ya kutazama kipimo kamili cha damu. Kipimo hicho kinaonyesha ukubwa wa seli: zikiwa ndogo na hafifu, mshukiwa mkubwa ni chuma, zikiwa kubwa kupita kawaida, atatafuta upungufu wa folic acid au vitamini B12, na hapo vidonge vya chuma peke yake havitasaidia. Vidonge hivyo vinafanya choo kiwe cheusi, na baadhi ya watu hupata kichefuchefu au choo kigumu. Ukisumbuka sana usiviache kimyakimya, rudi wakubadilishie namna ya kutumia. Baada ya wiki nne pima tena. Ikipanda gramu moja au zaidi, dawa inafanya kazi na sababu tumeipata. Isipopanda, kuna uvujaji unaoendelea au tumekosea chanzo, na inabidi kutafuta upya. Ikifika 12 usisimame. Endelea kwa miezi mitatu hivi zaidi, maana mwili hujaza damu kwanza na akiba iliyo kwenye ini hujazwa mwisho. Wengi huacha mapema na mwaka unaofuata wanarudi na namba ileile.

Kabla ya hapo, ukianza kuishiwa pumzi ukiwa umekaa, kuumwa kifua, kuzimia, au kupata choo cheusi kama lami wakati hujaanza vidonge, usisubiri wiki nne. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuchangia damu utaruhusiwa ukivuka 12.5 na kumaliza dozi. Kwa wanawake utaratibu wa damu salama ni mara moja kila miezi minne, na kwa wanaume miezi mitatu. Kwa kuwa unapata hedhi, hata ukiruhusiwa kila miezi minne, mimi ningekushauri utoe mara moja au mbili kwa mwaka na kupima wingi wa damu kabla ya kila mara.